Vrbětín Haina Nukta Hata Moja

Brno, 2 Machi 1934

Dada Hedvika,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua na ramani inanisumbua zaidi. Unajua kazi niliyopewa: kuonyesha kwenye karatasi moja, bonde letu zima, wapi watu walikaa na wapi walizikwa miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Nukta nyekundu ni makaburi, nukta ya buluu ni makazi. Nimetembea, nimeuliza, nimechimba, na sasa karatasi imependeza kweli. Isipokuwa sehemu moja.

Vrbětín haina nukta hata moja. Kijiji chetu, dada! Slatice, hapo ng'ambo ya kijito, ni nyekundu tupu kama mtoto mwenye surua. Vijiji vya juu vina nukta, vya chini vina nukta. Halafu katikati, pale tulipozaliwa mimi na wewe, peupe. Udongo uleule, maji yaleyale. Sasa hao watu wa kale walituonea nini?

Nilikutana na Rozsypal, mwenyekiti wa Slatice, kwenye treni. Akanishika bega mbele za watu: "Profesa, usihangaike bure. Ninyi wa Vrbětín mmekuja juzi. Sisi ndio tuliowakaribisha." Behewa zima likaangua kicheko. Nilitamani nishukie dirishani.

Nasikia wewe na shemeji Florián mnachimba handaki la kuhifadhia mvinyo. Mkiona chochote, mfupa, kigae, udongo mweusi mahali penye udongo wa njano, msiguse! Niitieni, nitakuja mbio na brashi zangu.

Mdogo wako,
Bohumír


Vrbětín, 9 Machi 1934

Mdogo wangu Bohumír,

Marahaba. Kifua kipake mafuta ya bata bukini, na skafu uivae shingoni, siyo uibebe mkononi kama maua.

Handakini hakuna kitu. Kuna udongo, na nyuma ya udongo kuna udongo. Usije. Njia ni tope tupu, chumba chako kimekaliwa na bata anayeatamia, na brashi tunazo.

Ngoja nikwambie kwa nini nina haraka. Apolena ameposwa. Na nani? Na Kašpar, mtoto wa huyohuyo Rozsypal wako wa kwenye treni. Usinune. Kijana ana adabu zake, na mpwa wako akisikia jina lake tu anaunguza viazi. Rozsypal amekubali shingo upande, na ametoa sharti: binti aje na handaki lake la mvinyo, limekamilika, mapipa ndani, kabla ya mavuno ya zabibu. Hakuna handaki, hakuna harusi. "Mwanangu hawezi kuficha mvinyo chini ya kitanda kama watu wa Vrbětín." Alisema hayo mezani kwangu, mdomo umejaa keki yangu.

Na unamkumbuka Matouš Kubát, yule wa kijiji cha juu? Alikuta kijagi kimoja alipokuwa anachimba handaki lake, kwa ujinga wake akakipeleka kwa mwalimu. Wakaja wenzako wenye miwani, wakazungushia kamba, wakapiga magoti humo na brashi zao miaka mitatu. Maskini Matouš akawa anahifadhi mvinyo kwa mama mkwe wake. Mama mkwe wake unamjua. Mpaka leo hajaona hata chupa moja.

Kwa hiyo nasema tena, hakuna kitu. Florián anakusalimu. Hayupo hapa, ametoka na mkokoteni, anapeleka makapi ya zabibu ya mwaka jana kule mteremkoni, mpakani na Slatice, kama kila mtu wa hapa afanyavyo.

Dada yako,
Hedvika


Slatice, 20 Mei 1934

Dada,

Hutaamini niko wapi. Niko mteremkoni Slatice, nakiona kijiji chetu kwa macho, ninyi mnaonekana mkianika nguo! Ningekuja kula, lakini siwezi kuacha shimo hili hata saa moja.

Dada, haya ni makaburi ya ajabu kuliko yote niliyowahi kuona. Kwingine kote bondeni, wafu wa zama hizo wamelazwa kwa mistari, kichwa magharibi, miguu mashariki, heshima tupu. Hapa wamechanganyika kama viazi kwenye gunia. Fuvu liko juu ya nyonga. Mmoja ana mikono mitatu. Mwingine, wa juu kabisa, amekamilika vizuri tu, ila mguu wake wa kulia haupo popote. Na wote, wote kabisa, wamefunikwa kwa maganda na mbegu za zabibu!

Nimekaa siku nyingi nawaza. Sasa nimeelewa. Watu wa kale wa Slatice waliwaogopa wafu wao. Waliwakatakata ili wasirudi kuwasumbua, kisha wakawamwagia masazo ya mvinyo ili wasahau njia ya nyumbani. Desturi hii haijulikani mahali pengine popote. Nitakuwa wa kwanza kuiandika!

Kuna jambo dogo tu linaloniudhi. Chini ya fuvu moja nimekuta kigae cha kikombe chenye picha ya kaisari wetu wa zamani, yule wa utotoni mwetu, ndevu zake za mashavuni zote zipo. Nimeandika kwamba kimeburutwa na fuko, yule mnyama mchimba ardhi.

Nimekuchorea pia hereni moja ya fedha niliyoikuta humo. Tazama ilivyo nzuri: kishada cha zabibu kidogo juu, kingine chini. Ya pili haipo. Nimetafuta mpaka macho yameuma.

Bohumír


Vrbětín, 24 Mei 1934

Mdogo wangu,

Nimekutumia jibini na mkate kwa mtoto wa jirani, maana naona umekonda hata kutoka huku.

Mimi si msomi, lakini hiyo habari yako ya kukatakata watu usiipeleke gazetini. Si nzuri. Watu wana ndugu. Waandike tu kwamba walikufa, inatosha.

Fuko wa Slatice naona ni hodari sana.

Mchoro nimeuweka kwenye droo. Florián ameutazama akasema anaenda kulala, na ilikuwa saa sita mchana.

Hedvika


Slatice, 1 Julai 1934

Dada,

Jana nimetoa hotuba katika ukumbi wa Slatice, na nadhani imefana. Kijiji kizima kilikuja, wamevaa nguo za kanisani. Rozsypal alinitambulisha mwenyewe: "Leo profesa wa Vrbětín atatueleza jinsi wazee wetu walivyokuwa wakuu."

Nikawaeleza. Niliwaonyesha picha za mafuvu. Nilipofika kwenye kukatakata, akina mama wakawaziba watoto masikio. Nilipofika kwenye masazo ya mvinyo, Rozsypal alisimama, akavaa kofia yake, akatoka. Wengine wote wakamfuata, nadhani kwa kuguswa sana. Ni bibi mmoja tu aliyebaki, naye akanitemea mate karibu na kiatu.

Nipe maoni yako.

Bohumír


Vrbětín, 3 Julai 1934

Wee Bohumír!

Unataka maoni yangu? Haya.

Jana Rozsypal amekuja hapa na kofia yake kichwani, hakuivua hata mlangoni. Amesimama katikati ya jikoni langu akasema: "Mama, ndugu yako amewaita wazee wetu wachinjaji mbele ya wanakijiji wangu. Mke wangu hajala tangu juzi. Mwanangu haoi kwenye ukoo wa mtu huyo. Kwaheri." Na keki hakuigusa. Rozsypal hakuigusa keki, Bohumír! Ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Apolena amejifungia ndani. Kašpar amesimama ng'ambo ya kijito tangu asubuhi, mvua inamnyeshea, hata haendi kujikinga mtini. Na handaki limebaki hatua chache tu liishe! Florián amechimba mpaka mgongo umepinda, sasa amechimba kwa ajili ya nani?

Nakuomba, nakuomba kama dada yako niliyekubeba mgongoni, rudi Slatice ukaseme umekosea.

Hedvika


Slatice, 7 Julai 1934

Dada,

Nimesoma barua yako mara kadhaa na moyo umeniuma. Apolena nampenda kama ningemzaa mimi. Lakini siwezi kusema nimekosea wakati sijakosea. Mifupa ndiyo inayosema. Mtu akiniletea maelezo mengine, kwa nini maiti wa karne ya tisa awe na mikono mitatu, akose mguu wa kulia na alale chini ya makapi ya zabibu, nitafuta hotuba yangu yote na nitapiga magoti mbele ya Rozsypal. Lakini maelezo hayo yatatoka wapi?

Bohumír


Vrbětín, 12 Julai 1934

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajui kama nakuandikia. Ukimaliza kusoma, choma.

Ile hereni uliyochora, mwenzake ninayo mimi. Ni ile ya bibi, aliyokuwa akivaa peke yake sikio la kushoto. Mama alinipa niivae harusini. Babu aliikuta shingoni, yaani pembeni ya shingo ya mtu, alipochimba handaki letu la kwanza. Ya pili ilidondokea kwenye makapi wasiione, ikaenda na mkokoteni.

Mjomba, hao wa mteremkoni si wa Slatice. Ni wetu. Hapa ukichimba handaki lolote unakutana na mtu, na kila mtu anakumbuka yaliyompata Matouš au waliyomsimulia wazee, basi wanampakia kwenye mkokoteni, wanamfunika makapi, wanampeleka mpakani. Babu alikuwa akisema watu wa Slatice wanapenda wageni. Si kwetu tu. Ni Vrbětín nzima, hata padri wa zamani.

Yule wa juu, aliyekamilika, ni wa kwetu wa mwezi Machi. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado umeshikwa na udongo wa ukutani, ukatoka baada ya mkokoteni kuondoka. Upo bandani. Baba ameusimamisha ndani ya buti lake la zamani ili usipotee.

Nakwambia haya kwa sababu nataka kuolewa na Kašpar. Kama waliokatwakatwa ni wazee wetu, na waliowakatakata ni makoleo yetu, baba yake hana la kukasirikia. Ila mjomba, chonde, usije na kamba.

Mpwa wako,
Apolena


Slatice, 14 Julai 1934

Hedvika,

Kwa hiyo ni mkokoteni.

Usiniulize nimejuaje. Nimekaa kwenye ukingo wa shimo tangu asubuhi na sijui nicheke au nilie, basi nimefanya vyote, wafanyakazi wangu wamedhani jua limenipiga. Ninyi watu mmeniharibia ramani ya bonde zima! Nimefundishwa na maprofesa watatu, nimeandika kurasa mia juu ya hofu ya wafu, na kumbe ilikuwa hofu ya kamba!

Na hereni, dada. Kila Jumapili nilikaa kanisani kushoto kwa mama. Mahubiri yakinichosha nilikuwa natazama sikio lake, nahesabu zile punje za zabibu mpaka nasinzia begani mwake. Juzi nimeichora hereni hiyohiyo, pande zote, kwa rula, na sikuijua. Nimeona haya sana. Nimemkumbuka mama sana.

Sasa niambie ukweli wewe mwenyewe.

Bohumír


Vrbětín, 16 Julai 1934

Mdogo wangu,

Najua ni Apolena. Amekuwa mpole tangu Alhamisi, anaosha vyombo bila kuambiwa.

Ukweli unaujua, niongeze nini? Makapi yananuka, hakuna anayefunua mkokoteni wa makapi kuangalia kuna nini chini. Hicho kikombe cha kaisari ni cha kwetu, mimi ndiye niliyekivunja nikiwa mdogo, nikakitupa humohumo mama asijue. Na usiseme tuliwatupa wale watu. Kila mmoja tulimsomea Baba Yetu, na Florián huwa anavua kofia. Tuliwahamisha.

Na wewe ungekuwa hapa ungefanya hivyohivyo. Mlienda shule, mkarudi mnatuambia msiguse, msichimbe, subirini. Zabibu hazisubiri, Bohumír. Zikiiva zimeiva.

Sasa kalamu unayo wewe. Ukisema ukweli, wenzako watakuja na kamba, handaki halitaisha, harusi hakuna. Usiposema, Rozsypal ameudhika, harusi hakuna. Wewe ndiye uliyesoma katika ukoo huu. Nitafutie njia ya tatu. Mtoto hali, na mimi nikimwona hali, hakishuki kitu.

Hedvika


Slatice, 2 Agosti 1934

Dada,

La kwanza: kamba haitakuja. Mkubwa wa kazi hii ni mimi. Nitashuka handakini siku moja, nitapima kuta na kuchora, jioni mtaingiza mapipa. Nimemwandikia Matouš pia kumwomba radhi kwa niaba ya wenye miwani wote. Amejibu kwamba anataka mvinyo wake.

La pili: nimemwambia Rozsypal. Nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kupigwa. Nikamweleza yote, mkokoteni, makapi, babu. Alisikiliza amekunja mikono. Nilipomaliza akauliza polepole:

"Kwa hiyo wale si wetu?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Nimekagua mteremko wote. Slatice haikuwa na mtu, ilikuwa bwawa."

"Na Vrbětín?"

"Vrbětín wamo chini ya kila nyumba."

Basi akakaa chini, dada. Alikaa kwenye ndoo, maana hakuona kiti. Nilidhani nitafurahi. Nilimwonea huruma, nikampa sigara. Mwisho akasema: "Yaani ni sisi tuliokuja juzi." Nikasema ndiyo. Akasema: "Mke wangu asijue."

Hasira zote zimekwisha. Anaitaka harusi kuliko Kašpar, ili wajukuu wake wawe na wazee. Lakini Rozsypal ni Rozsypal. Ana sharti jipya: kwenye ramani yangu, Slatice ibaki na nukta nyekundu. Moja tu. "Nyekundu zote chukueni, moja niachie. Siwezi kuwa mwenyekiti wa mahali peupe." Hakuna nukta, hakuna harusi.

Na hapo, dada, siwezi. Nukta ni pale watu wa enzi zile walipomzika mtu wao, siyo pale alipofikishwa na shemeji yangu. Nikiweka uongo mmoja, ramani yote ni uongo. Nimemkatalia. Silali. Apolena nimwambie nini?

Bohumír


Vrbětín, 5 Agosti 1934

Mdogo wangu,

Acha kukosa usingizi, kula kwanza, halafu nisikilize.

Yule wa mwezi Machi, asiye na mguu, ni wa handaki la Apolena. Ni mali ya Apolena kama mapipa yalivyo mali yake. Binti akiolewa anaondoka na vyake: mapipa yatabaki handakini, lakini mafarishi ya kitandani na mito ya manyoya itapakiwa kwenye gari la farasi, itapelekwa Slatice kwa nyimbo, kijiji kizima kikitazama. Mimi nasema na huyo mzee aende, kwa halali, mchana kweupe, si chini ya makapi. Azikwe pale mteremkoni, awe na msalaba, padri asome. Tunampa Rozsypal. Ni zawadi. Nani atasema ni uongo?

Wengine wote rudisha nyumbani. Wanakijiji wameshakubaliana, tena kila mmoja sasa anadai wa kwake alikuwa mtemi. Florián anasema wetu alikuwa na mabega mapana kuliko wote, amenikera na hayo mabega.

Mguu nimeutoa kwenye buti nikauosha. Utasafiri ndani ya mto mkubwa, ule wa manyoya ya bata, usigongwe njiani. Haifai mtu aende ukweni hajakamilika.

Wewe tafuta tu namna ya kuiandika.

Hedvika


Brno, 29 Oktoba 1934

Dada,

Shikamoo. Kichwa kimeanza kupoa tangu harusi, ila shingoni bado ninasikia mikono ya Rozsypal alipokuwa ananikumbatia na kuniita ndugu wa damu.

Sitasahau lile gari la mafarishi. Wanawake wanaimba, bata wanakimbia mbele ya farasi, na mimi nimeupakata ule mto mkubwa wenye mguu, nimeambiwa nisisogee. Nilipouweka mguu mahali pake pale mteremkoni, uliingia bila kubakiza hata nafasi ya ukucha, na shemeji Florián akavua kofia akalia waziwazi. Mimi pia. Rozsypal alilia kutushinda sote, akamwita yule mzee "babu", mara ya pili akamwita "babu yetu".

Na Apolena na hereni zote mbili! Nilikuja na ile ya kwangu mfukoni, kinyume cha taratibu zote za ofisi. Mama aliivaa moja maisha yake yote. Mimi nimeziona zote mbili masikioni mwa mpwa wangu, zikicheza. Asubuhi yake Apolena aliniletea zote kwenye kitambaa bila kuombwa, akasema: "Ziweke kabatini, mjomba, ila uandike Vrbětín kwa herufi kubwa." Nimeandika.

Ramani ninakutumia pamoja na barua hii, itundike jikoni mbali na jiko. Tazama Vrbětín: nyekundu mpaka haina pa kuandika jina. Halafu tazama ng'ambo ya kijito. Slatice kuna nukta moja, nyekundu, lakini nimeizungushia duara dogo mfano wa pete. Ni alama yangu ya tatu. Soma maelezo chini kabisa: nyekundu ni kaburi, buluu ni makazi, nyekundu yenye pete ni marehemu aliyehamia kwa ndoa.

Mchapaji amenirudishia mara mbili, akiuliza kama nina hakika na hiyo ya mwisho. Nimemjibu kwamba nilikuwepo harusini.

Mdogo wako,
Bohumír